Swali la Musyoka na Mfuko wa Mbaazi

Ilianza Jumanne, tarehe 10 Julai 2001, saa nane na dakika kumi mchana. Najua hadi dakika kwa sababu nilikuwa naandika diari chini ya meza. Nilikuwa nimefika hapa: "Saa nane na dakika kumi, baridi, hakuna mtu." Halafu nikasikia hodi. Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, amejifunga leso mbili kwa ajili ya baridi, na mkononi ana mfuko wa mbaazi mbichi. Kabla jua halijashuka nilikuwa nimefanya kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi hii, na lilibaki kidogo tu limgharimu huyo mama maisha yake.

Nitawaeleza lote. Lakini mjue kwanza kazi yenyewe, maana ninyi wanne mnaomaliza Form Four ndio mnakuja kukalia kiti changu Januari. Mwalimu Ndinda amesema mtu hastaafu hapa bila kuwaachia maneno wanaokuja nyuma yake.

Ndiyo, mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na tisa. Chekeni mmalize.

Kazi inaitwa mteja wa mazoezi. Mwalimu Ndinda alikuwa nesi miaka mingi, na sasa anafundisha wanafunzi wa saikolojia kushauri watu, hasa mtu aliyefika mwisho, yule ambaye haoni kesho. Ana vyumba viwili vya kukodi hapa Machakos mjini, juu ya duka la nguo la Mzee Hassan. Mwanafunzi hawezi kuanza kujifunzia kwa mtu mwenye shida ya kweli, kwa hiyo anatafutwa mtu wa kujifanya. Mtu huyo nilikuwa mimi, mwaka mmoja na nusu.

Mwalimu alinitoa kanisani. Nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani, siongei na mtu. Mama yangu alimwomba radhi kabisa: "Huyu wangu Mwende ni mtu wa haya, Mwalimu. Hata kuomba chumvi kwa jirani anatuma mdogo wake." Mwalimu akasema, "Huyo ndiye ninamtaka. Wanaoongea sana wananimalizia somo."

Siku ya kwanza nilipewa karatasi: wewe ni Rose, miaka ishirini, mchumba amekuacha, huli, hulali. Mimi ambaye sijawahi kuwa hata na rafiki wa kiume wa kuandikiana barua! Lakini nilishangaa. Nikiwa Rose, mdomo ulifunguka. Nililia, nikasema maneno ambayo Mwende hawezi kusema. Wanafunzi walipiga makofi. Nikatoka hapo, nikashuka ngazi, nikatembea hadi nyumbani bado ni Rose. Mama akaniona na macho mekundu.

"Nani amekufa?"

"Mchumba ameniacha."

Mama akaketi chini, palepale mlangoni. "Mchumba gani?"

Hadi nimalize kueleza, shangazi alikuwa ameshaitwa kutoka Ekalakala, na alikuja na kuku.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaachia ni kumvua yule uliyemwigiza. Zoezi likiisha, simama, geuza kiti kiangalie ukuta, useme kwa sauti jina lako na kitu kinachopikwa kwenu jioni hiyo. "Mimi ni Mwende, leo nyumbani kuna isyo," ile pure yetu ya mahindi na maharagwe. Kama hujui kinachopikwa, taja unachotamani. Usishuke ngazi kabla. Mtaona ni mchezo wa watoto hadi siku mtakayosahau.

Jambo lingine ni macho. Vitabu vyao vinasema mtazame mteja machoni. Mwanafunzi mmoja kutoka Mavoko, kijana wa "niaje" kwa kila mtu, alinitazama machoni hadi nikaanza kuhesabu kope zake. Mwalimu akauliza kutoka nyuma, "Wewe, unamshauri ama unamposa?" Tangu siku hiyo viti vyetu vikawekwa mshazari, na kwa meza kukawa na sinia ya kitu cha kuchagua au kumenya, maharagwe, njegere, chochote cha msimu. Mama wa huku kwetu hawezi kukaa mikono mitupu amtazame mgeni usoni na kumwambia siri yake. Mpe kazi ya mikono na maneno yatakuja yenyewe.

Na kuna kikombe. Mwalimu alikuwa na kikombe cha bati na kijiko. Mwanafunzi akianza kutoa mawaidha, "usijali," "Mungu yupo," "si makosa yako," kijiko kinalia kwa kikombe, ting! Maana yake nyamaza, bado hujasikia. Hata leso hairuhusiwi kutolewa haraka. Ukimpa mtu leso mara tu machozi yanapotoka, umemwambia amalize.

Sasa swali. Kuna swali moja ambalo kila mwanafunzi wa Mwalimu Ndinda lazima ajue kuuliza bila kukata kona: "Unafikiria kujiua?" Hivyo tu, kwa neno lake. Mngewaona watu wazima na digrii zao! Wanatokwa jasho. Mmoja aliniuliza, "Je, unafikiria… yale mambo mengine?" Mwingine akasema, "Una mpango wa kusafiri?" Nikamjibu, "Ndiyo, Jumamosi naenda Muthetheni," na darasa likaanguka. Mwalimu hakucheka. Alisema ukiuliza kwa kuzunguka, mteja anaelewa kwamba hata wewe unaliogopa, basi analirudisha ndani. Alisema kuliuliza wazi hakumpandikizii mtu wazo ambalo hana. Kama liko, liko tayari, na wewe unampa mahali pa kulishusha.

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote Machakos. Kati ya wote, aliyeliuliza vizuri ni mmoja tu, Musyoka. Alikuwa mwalimu wa primary kabla ya kurudi shuleni, mtu mpole, kiatu kimoja kimeshonwa kwa uzi mweupe. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake kama amekula. Siku ile nilikuwa Rose, na Mungu anajua nilitaka kumjibu ukweli ambao hata sikuwa nao.

Turudi Jumanne.

Mwalimu alikuwa Athi River na wanafunzi wengine, wameitwa na kiwanda. Tulibaki Musyoka na mimi, yeye chumba cha nyuma anasoma. Yule mama alinipa kikaratasi kutoka kwa sista wa zahanati. Kilisema tu analalamika kichwa na moyo, na halali. Nikamkalisha, nikaweka sinia, na yeye bila kuambiwa akamwaga mbaazi kidogo akaanza kumenya.

"Wakya, mwiitu," akanisalimia, yaani hujambo, binti.

"Aa," nikaitikia.

"Hizi ni za mwisho," akasema, na kuuinua mfuko kidogo. "Nimemletea daktari."

Musyoka akatokea na daftari lake, uso wa kazi. Akafika katikati ya chumba. Akamwona. Yule mama akamwona. Jamani! Mama alivuta leso akafunika uso wote na kugeukia ukuta, na Musyoka akaruka nyuma kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Daftari likabaki sakafuni.

Nilimkuta koridoni anahema. "Mwende! Huyo ni mama ya Nduku. Ni mama ya bibi yangu!"

Kwetu, mwanamume na mama ya bibi yake, yaani mkwe wake, hawakai chumba kimoja wala hawatazamani. Ndiyo heshima, tunaiita nthoni. Wengine mtasema imeisha siku hizi, na kweli kuna nyumba imeisha. Kwa Mama Nduku haikuwa imeisha hata robo.

"Basi nimwambie arudi kesho?" nikauliza.

"Asitoke." Alinishika mkono, na hajawahi kunishika mkono. "Sikia. Kioko, mtoto wake wa kwanza, alikufa Aprili. Unajua hilo, nilikuja hapa nikiwa nimenyoa kwa msiba. Sasa wiki jana mama amempa Nduku sare yake ya kwaya. Jumapili amempa jirani kuku wote. Wote, Mwende. Mtu akianza kugawa vitu vyake hivyo…"

"Mwalimu alisema."

"Mwalimu alisema. Mimi siwezi kuingia. Nenda umuulize. Lile swali, vile nilikuuliza wewe. Usipunguze neno."

Kutoka koridoni hadi kile kiti ni hatua sita. Kwa hatua ya kwanza nilikuwa nalo swali lote. Kwa hatua ya nne niliona mikono yake, kucha zina udongo, mikono kama ya mama yangu. Nikawaza, mimi mtoto, nimwambie mama mzima neno kama hilo? Atasema nimelelewa wapi?

"Mama," nikasema. "Wameuliza kama… umechoka."

"Nani hajachoka, mwanangu?"

Nikarudi. "Amesema nani hajachoka."

"Umemuuliza vile nilisema?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo kosa lilipo. Kuogopa mtu huogopa, na Mwalimu alinisamehe hilo kabla sijamaliza kueleza. Lakini niliogopa halafu nikasema sikuogopa. Musyoka alishusha pumzi, akafuta uso. "Afadhali. Basi mpe chai, aende, arudi kesho Mwalimu akiwepo." Alimuachilia kwa sababu yangu. Alijenga juu ya neno langu, na neno langu lilikuwa tupu.

Niliporudi na chai, Mama Nduku alikuwa amesimama. Alisema anawahi gari. Akanipa mfuko na mbaazi zilizobaki ndani.

"Nitakuwekea mfuko, mama. Kesho utaukuta."

"Wa nini? Kaa nao."

Ulikuwa mfuko wa kitambaa, mkuukuu, mishikio yake imeshonwa upya kwa uzi wa bluu, mishono midogo midogo ya mtu anayekusudia kuutumia miaka mingi. Nanyi mnajua kwetu, mtu akikuletea kitu kwa mfuko, mfuko unarudi. Mama yangu anaweza kusamehe deni, hasamehi mfuko. Hakuna mama niliyemjua aliyewahi kuniambia kaa nao.

Aliniwekea mkono kichwani, akaelekea mlangoni.

Sijui nilipata wapi sauti. "Mama, nimekudanganya. Keti kidogo."

Akageuka.

"Nilitumwa na swali. Nikaliogopa, nikakupa lingine."

"Swali gani hilo la kumtisha mtoto?"

Nikaketi kwa kile kiti cha pili, cha mshauri, ambacho sijawahi kukikalia. Nikamwaga mbaazi kwa sinia, nikaanza kumenya, kwa sababu nisingeweza kumwangalia. Naye akarudi akaketi. Akachukua ganda moja.

"Mama, unafikiria kujiua?"

Tulimenya. Huko chini mtu alikuwa anapima kitambaa, nasikia mkasi. Nilimenya maganda tisa. Nilitaka sana kusema kitu kingine, kuomba msamaha, kusema si mimi niliyeuliza. Nilijizuia kwa kuhesabu.

"Ee," akasema.

Halafu, taratibu, kama mtu anayeeleza habari za shamba: "Nilisema nikimaliza kuvuna mbaazi. Jana nimemaliza."

Mimi mafunzo yangu yaliishia hapo. Nikapiga kelele, "Bwana Musyoka!" na mama akajifunika tena leso. Musyoka akajibu kutoka koridoni, sauti imekatika, kwamba amesikia, nisitoke hapo mama alipo, nisimwache hata dakika moja. Kisha nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi mbio, na kupitia dirishani nikamsikia yeye na Mzee Hassan.

"Mzee, nipe kitambaa, mita tatu hivi. Na simu, nimpigie Mwalimu huko kiwandani."

"Simu ile pale. Kitambaa cha nini? Harusi?"

"Pazia."

"Pazia la nini mchana huu?"

"La mkwe."

Nikasikia jora likivutwa. "Chukua hii nzito. Ile nyingine inaonyesha."

Kikatundikwa mlangoni kwa misumari, kitambaa cha kijani chenye maua makubwa, na Musyoka akaketi upande wa pili, mgongo kwa pazia. Mama naye akageuza kiti, mgongo kwa pazia. Mimi katikati na sinia.

"Mwaitu," Musyoka akaanza, na mwaitu kwetu ni mama yangu. "Asante kwa kusema."

Mama Nduku akaniambia mimi, "Mwambie huyo wa nyuma ya nguo kwamba Kioko alikuja nyumbani Jumapili ile akasema kichwa kinamuuma. Mwambie nilimjibu vijana wa siku hizi ni wavivu, nikampigia nguo pasi, nikamsindikiza stendi arudi kazini. Alhamisi nikaambiwa ni malaria, ameshaenda."

"Mwaitu, si makosa ya—"

Nilichukua kijiko. Msiniulize nilithubutu vipi. Ting!

Nyuma ya pazia kiti kikalia kidogo. Halafu Musyoka akasema, kwa sauti yake ile ya kuuliza kama umekula, "Niambie vile alikuwa hiyo Jumapili. Tangu asubuhi."

Na mama akamwambia. Chai aliyokunywa, wimbo aliokosea kanisani, vile alivyolala kwa kochi na soksi. Mwanzoni alisema, "mwambie hivi, mwambie vile," na mimi nikawa nageuza kichwa kama mtu anayetazama mpira wa meza. Baadaye akasahau kunitumia. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Mbaazi ziliisha tukaanza kupanga maganda.

Kulikuwa na mahali Musyoka alishindwa. Kioko alikuwa shemeji yake na rafiki yake, na sisi hapa tulikuwa tumesahau kwamba na yeye alinyoa. Tukasikia analia, kile kilio cha mwanamume cha kubana.

"Mpelekee leso," Mama Nduku akaniambia.

"Mwalimu amesema tusipeane leso haraka, mama."

"Hii ndiyo shule gani?" Akacheka. Kidogo tu, kwa pua, lakini alicheka. Akafungua moja ya zile leso mbili, akaipitisha chini ya pazia kwa mguu.

Kisha Musyoka akauliza mambo ambayo lazima yaulizwe, wazi, moja baada ya lingine. Leo usiku unalala wapi? Nani atakuwa na wewe? Likija wazo tena saa yoyote, utamwamsha nani? Mama alitaka kusema atalala kwake kama kawaida. Musyoka akasema, kwa heshima yote, kwamba hapana. Mwalimu alifika saa kumi na mbili kasoro, na Nduku naye, anahema. Wakampeleka hospitali akaonwe na daktari jioni hiyohiyo, kisha akalala kwa Mwalimu, Nduku kando yake kitanda kimoja.

Mimi niligeuza kiti changu kiangalie ukuta. "Mimi ni Mwende," nikasema. Nikashindwa kukumbuka kinachopikwa nyumbani. Mwalimu, ambaye alikuwa amerudi mara moja kuchukua koti, akasimama hapo na funguo mkononi hadi nikakumbuka. Nikamwambia nilidanganya. Nikamwambia yote, hatua sita na ile ya nne. Akasema, "Uliogopa kwa nusu saa. Wengine wanaogopa maisha yote. Kesho uje mapema." Hiyo ndiyo siri ya kazi anayowafundisha wenye digrii, na ndiyo ninayowaachia. Ukishindwa kulibeba swali, rudi mbio useme limeanguka. Linaweza kuokotwa. Lile unalosema umelifikisha halitatafutwa na mtu.

Majina nimebadilisha, isipokuwa langu na la Mwalimu, aliyesema lake niliache. Mama Nduku mwenyewe nilimsomea haya yote mwezi uliopita, kwake, na aliniruhusu. Alisema niandike kila kitu, ila nisiandike kwamba alilia. Kwa hiyo siandiki.

Usiku ule nilifua ule mfuko, nikauanika karibu na jiko. Mama yangu akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa mtu atakayeurudia, na nilisema hivyo bila kujua kama ni kweli.

Asubuhi, saa mbili na nusu, nikasikia hatua kwa ngazi. Musyoka akakimbilia nyuma ya pazia. Mama Nduku akaingia, Nduku amemshika kiwiko, Mwalimu nyuma yao. Macho yamevimba, leso moja tu mabegani. Hakusalimia. Alinyoosha mkono.

"Wee mwiitu. Mfuko wangu uko wapi?"

Nikampa. Akaugeuza, akauangalia uzi wa bluu mshono kwa mshono, akanusa sabuni, akaguna. Akaukunja mara mbili, akaubana kwapani, akaketi.